Mguu wa Nyuma wa Kulia

Siku Mshono alipozisalimia ovaroli mbili zilizoanikwa kwenye kamba, akaziuliza hali ya nyumbani na kusimama kidogo kungoja jibu, mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Mshono naye akacheka. "Zina adabu kuliko wateja," alisema, "angalau hazidakii maneno." Jambo likaishia hapo, kwa kicheko. Nyumba ile ilikuwa na dawa moja tu ya kila maradhi, nayo ni kucheka. Ilikuwa imewatibu vizuri kwa miaka mingi, ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Jina la Mshono alipewa na mtaa. Alipokuwa na nguvu zake, mtu akichomelewa geti hapo kwake alikuwa anawaita majirani waje kupapasa maungio kwa kidole, kwa sababu chuma kililala juu ya chuma kikapangana kama magamba ya samaki, bila donge, bila tundu. Karakana ilikuwa uani, nyuma ya vyumba vyao viwili. Ukitoka jikoni unaruka kizingiti, umeshafika kazini. Mkewe alianza kwa kumshikia vyuma visiyumbe. Kutoka kushika akaenda kwenye kugonga ganda la moto kwa nyundo, kutoka kugonga ganda akaenda kwenye grenda ya kusagia chuma, na mwaka ambao Mshono alivunjika kidole gumba, akaenda kwenye mashine yenyewe. Mshono alimfundisha kwa matusi ya mapenzi. "Bi Mkubwa, unachomelea au unamwagia uji?" Alimwita Bi Mkubwa ingawa bi mdogo hajawahi kuwapo, labda hiyo grenda, na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo.

Kwa hiyo Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Ilikuwa geti la shule, miaka miwili nyuma. Alilipapasa kama kawaida, akakuta chuma cha mumewe kimelala kando ya ungio, kama mtu aliyelala pembeni mwa kitanda akaacha katikati wazi. Alidhani macho yake ndiyo mabaya. Akapapasa la pili, nalo vile vile. Alingoja Mshono aondoke, akavaa kinyago, akayachomelea upya maungio yote manne, akayapitisha grenda, akafagia. Alijiambia atamweleza jioni. Jioni mwalimu mkuu akaja, akalitikisa geti, akasema, "Mkono wako haujazeeka, fundi," na Mshono akawa na furaha kama bwana harusi. Ungekuwa wewe, ungemweleza jioni ile? Basi hata yeye hakumweleza. Na lisiloelezwa jioni ya kwanza huwa zito jioni ya pili. Ya mia saba huwezi hata kulinyanyua.

*

Gari lililetwa juu ya mgongo wa gari lingine. Lilikuwa la zamani, la spoti, la viti viwili, pua ndefu kuliko mwili, na badala ya paa lilikuwa na turubai ambalo panya walikuwa wameshalifanyia mkutano mkuu. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno, mtu mrefu mwenye mikono safi mno, ambaye alishuka akaanza kucheka kabla hajasalimia.

"Fundi, nataka paa," alisema. "La chuma, lisilotoka. Na ndani yake liwe na mbavu. Kuna mashindano ya magari ya zamani kule mlimani, wazee tunashindana kuupanda. Wamesema asiye na paa lenye mbavu msimu huu hapandi. Na binti yangu ndiye anayekaa kushoto kunisomea kona. Nikipinduka mimi, sawa, nimekula chumvi. Yeye lazima atoke mzima."

Mshono alilizunguka gari polepole, mkono juu ya bodi. Bi Mkubwa aliuangalia ule mkono. Mteja angedhani fundi analibembeleza gari. Yeye alijua anatafuta ukingo.

"Daktari," Mshono alisema, "gari lililozaliwa bila paa limebeba nguvu zake zote chini. Ukilivamia kwa moto tu, linajikunja, kesho milango inakataa kufunga na wewe unamlaumu mkeo kwamba amenenepa. Kwanza tunalifunga mataruma, vyuma vya kulikaza, hapa na hapa, mlango kwa mlango. Linasimama kwenye magurudumu yake, si juu ya mawe. Halafu tunakunja mabomba mawili kama upinde, moja mbele, nyuma ya kioo, moja nyuma ya viti. Tunayaunga kwa juu, tunatia bomba la kukingama. Miguu minne inashuka mpaka kwenye chesi, uti wa mgongo wa gari. Bati linakuja mwisho kabisa. Bati ni shati. Paa ni hizo mbavu."

"Na nitajuaje kwamba zinashika?"

Hapo Mshono alitabasamu, maana swali hilo alikuwa analingoja. Karakana ile ilikuwa na mtindo wake, na haukuwepo kwingine. Kitu chochote cha kubebea mtu kikimalizika, kabla ya rangi, alikining'iniza kwa cheni ya kunyanyulia, kisha aliyechomelea akakaa ndani yake na kikombe cha chai kilichojaa. Akikimaliza bila kumwaga, mteja alipe. Ikimwagika, mteja aondoke na kitu chake bure. Tangu waanze, chai ilikuwa imemwagika mara moja tu, na hiyo ilikuwa kwa sababu ya nyuki.

"Tutalinyanyua gari lako lote kwa paa lake," alisema, "magurudumu yote hewani. Na mimi ndani."

Daktari wa Meno alipiga makofi. Bi Mkubwa aliingia jikoni kutafuta kitu ambacho hakukihitaji.

*

Kazi ilikwenda vizuri, ukiangalia kwa nje. Mabomba yalikunjwa kwa mchanga ndani yasibonyee. Mshono alipima kwa shubiri na kwa kamba, na katika hilo bado alikuwa mfalme, kwani vidole vyake havikuhitaji macho. Lakini cheche ikianza tu, mambo yalikuwa mengine. Alilaumu kioo cha kinyago, akakibadilisha mara tatu. Alilaumu vijiti vya kuchomelea, akasema siku hizi vinatengenezwa na watu waliogombana na wake zao. Alilaumu umeme.

"Hebu angalia mguu huu, Bi Mkubwa."

Mguu wa mbele wa kushoto. Chuma kilikuwa kimepanda juu ya bomba, kikasahau bamba la chini kabisa.

"Unapendeza," alisema Bi Mkubwa.

"Najua unapendeza. Nauliza umeshika?"

"Wewe umewahi kuchomelea kitu kisishike?"

Alijisikia akisema hivyo, na akaona jinsi alivyokuwa amezoea. Mwanzoni alikuwa akitafuta maneno. Sasa yalikuwa yanakuja yenyewe. Mshono alipotoka kwenda kutafuta karatasi za msasa, alipiga magoti ndani ya gari lile dogo, kichwa kikigonga bomba, mgongo ukilia, akaukata mguu wote na kuuchomelea upya. Siku iliyofuata akaurudia wa kulia. Siku iliyofuata, wa nyuma wa kushoto. Kila jioni alijinyoosha mlangoni, mkono kiunoni, na Mshono, ambaye alikuwa haoni ungio la chuma lakini alijua pumzi za mkewe zikibadilika, akasema, "Umechoka wewe. Kazi hii imekuwa kubwa kwako."

Ulikuwa umebaki mguu mmoja pale simu ilipolia. Binti yao alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, mji wa tatu kutoka pale. Bi Mkubwa alifunga mkoba huku akiongea.

"Huo wa nyuma wa kulia uuache mpaka nirudi."

"Kwa nini?"

"Nataka nikushikie taa."

"Taa inashikwa na msumari tangu nikuoe."

"Uache tu, mume wangu. Nakuomba."

"Nenda kampokee mjukuu," alisema Mshono akimsukuma kwa bega. "Chuma hakikimbii."

*

Alirudi Jumamosi asubuhi, siku tatu baadaye, mkoba begani na harufu ya mtoto mchanga kwenye nguo. Hakupitia chumbani. Aliruka kizingiti cha jikoni, akasimama.

Paa lilikuwa limekwisha. Si mbavu tu, paa zima. Bati lilikuwa limevalishwa kuanzia ukingo wa kioo mpaka mgongoni, limekunjwa kwa nyundo ya mbao mpaka likafuata umbo la gari kama lilizaliwa nalo, na pembe zote zilikuwa zimepakwa pati ya kuzibia, zikasuguliwa zikawa laini kama shavu. Ndani, miguu yote ilikuwa imefunikwa. Juu ya gari, kutoka kwenye boriti, cheni ilikuwa inaning'inia na mikanda imeshapitishwa chini ya paa. Daktari wa Meno alikuwa amesimama na simu mkononi anapiga picha. Muuza Rangi, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amefunga duka lake aje aone.

"Bi Mkubwa!" Mshono aliita, akielekea zilikotoka nyayo zake. "Mjukuu ana nini?"

"Ana vidole vyote. Ni wa kike." Macho yake yalikuwa kwenye paa. "Umemaliza?"

"Nimekumalizia. Niliona mgongo wako. Nikasema huyu mwanamke akirudi asikute hata cheche, akae anisimulie habari za uzazi." Alikuwa amesimama wima, kifua mbele. "Usiku sikulala, lakini mguu nimeumaliza. Sema basi, umependeza?"

"Umependeza."

"Umeona, Daktari? Huyu akisema umependeza, ujue."

Bi Mkubwa aliweka mkoba chini. "Tufanye Jumatatu," alisema. "Cheni hii ina kutu."

"Nimeipaka mafuta jana," alisema Muuza Rangi, bila kuulizwa.

"Boriti basi."

"Boriti imebeba lori," alisema Mshono.

"Hakuna chai. Sijapika chai."

Mshono aliinua kikombe kilichojaa mpaka pomoni. Watu walicheka. Daktari wa Meno alisema, "Mama, kwangu wagonjwa wote wanafanya hivyo hivyo. Mara kiti kina baridi, mara wamesahau mlango wazi nyumbani," na wakacheka zaidi. Mshono alipapasa mlango, akaufungua, akaingia upande wa dereva huku akikibeba kikombe chake kama kitoto kinachotaka kulia. Daktari aliangalia kiti cha pili, kile cha binti yake.

"Na mimi niingie?" alisema. "Kama ni imani, iwe imani."

"Ingia, Daktari! Muuza Rangi, vuta."

Cheni ililia pete moja, mbili. Mikanda ikakaza. Bi Mkubwa aliona pembe ya nyuma ya kulia ya paa ikiinuka kidogo kabla ya zile nyingine. Unene wa ukucha tu. Hakuna mwingine aliyeona.

"Shukeni!" alisema. "Shuka, mume wangu. Huo mguu wa nyuma sijaurudia."

*

Neno likishatoka huwezi kulifuata ukalikamata shati ukalirudisha. Muuza Rangi aliachia cheni.

"Hujaufanyaje?" aliuliza Mshono kutoka ndani ya gari.

Bi Mkubwa aliukamata mlango wa gari.

"Bi Mkubwa. Hujaufanyaje?"

"Sijaurudia."

Alishuka taratibu. Hakumwaga hata tone. Alikiweka kikombe juu ya boneti, akapapasa meza ya vifaa akapata nyundo na patasi, na bila kuomba msaada wa mtu akaenda nyuma ya kiti, akalibandua lile bati alilolivalisha usiku kucha. Alifika kwenye mguu. Aliugonga mara moja. Chuma kilichoshika vizuri hulia kama kengele. Hiki kilikohoa. Aligonga mara ya pili, na mguu ukatoka kwenye bamba, mzima, na ule mshono wake mrefu mzuri ukiwa umelala juu ya bomba peke yake, haujagusa kingine chochote.

Akaupapasa kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Na ile mingine mitatu?"

"Niliirudia."

"Lini?"

"Ulipokuwa umetoka."

Mshono alitikisa kichwa, kama mtu anayepiga hesabu. "Ngazi ya zahanati?"

"Niliirudia."

"Lini? Ile nilikaa nayo siku nzima."

"Ulipokwenda kunyoa."

"Ndiyo maana," alisema Mshono polepole. "Ndiyo maana kila wiki unanituma kwa kinyozi. Nikawa najiuliza, huyu mwanamke ananinyoa nini, nywele zenyewe sina."

Muuza Rangi alifyatuka kicheko, akakikamata katikati, akakohoa. Pengine hilo ndilo lililomuumiza Bi Mkubwa zaidi, kwamba mumewe aliyasema hayo bila kukusudia kuchekesha.

"Geti la shule?"

"Ndiyo."

"Mnara wa tangi?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo changu mimi ni kipi?" aliuliza. "Tangu lini... tangu ulipoanza. Kipi kilichosimama ni changu?"

Bi Mkubwa alifikiri. Angeweza kudanganya, na alikuwa na uzoefu. "Benchi," alisema. "La pale mbele kwa Muuza Rangi. Lilikuwa zima. Sikuligusa."

"Benchi," alirudia Mshono. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo. "Miaka miwili, benchi."

Daktari wa Meno alikuwa amesimama na suruali yake ya vumbi, uso umemshuka, pengine akiona jinsi kiti kile cha kushoto kingekuwa mlimani, katika kona ya nne au ya tano. Angekuwa mtu mwingine angetukana. Alisema tu, "Mama, ungenyamaza sekunde mbili zaidi..." kisha akaacha. Baadaye kidogo, kwa upole, akiwa anatafuta neno la kuwaponya, akasema, "Hata mimi nimewahi kuziba jino lililooza, nikaliona linang'aa. Mgonjwa alishukuru sana. Alirudi amevimba."

Wala hakuna aliyeponywa.

*

Kwenye kliniki ya macho walikaa benchi moja na mkoba katikati yao. Muuguzi alimshika Mshono mkono akamwambia, "Babu, hapo ni ukuta," na Mshono, ambaye siku nyingine angemjibu kwamba ukuta ndio uliomfuata yeye, alisema tu, "Ahsante." Walimpulizia upepo machoni. Walimwambia atazame taa nyekundu, asome herufi. Alisoma ile kubwa ya juu, akasoma na ya pili kwa kubahatisha, ya tatu akasema, "Hii nimeiacha nyumbani," lakini sauti haikuwa na chumvi.

Daktari wa macho, mwanamke kijana, alizungumza na Bi Mkubwa kana kwamba Mshono ni mzigo alioubeba.

"Ilianza lini?"

"Muulize huyo huyo," alisema Mshono. "Ndiye aliyekuwa anaweka kumbukumbu."

"Miaka miwili," alisema Bi Mkubwa. "Na miezi."

Kijana yule alikunja midomo. Akaeleza. Ilikuwa presha ya macho. Haiumi, haina haraka, inakula kutoka pembeni kuelekea katikati. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, si kwa miwani wala kwa kisu. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. "Mngekuja mwaka juzi," alisema akiandika, "tungekuwa na kitu kikubwa zaidi cha kulinda." Hakuwa na ubaya. Alikuwa anajaza fomu.

Walirudi kwa miguu. Bi Mkubwa alimshika kiwiko kwenye kila mtaro, na Mshono alimwachia kiwiko kama mtu anavyomwachia polisi.

"Nitukane," alisema Bi Mkubwa.

"Nikutukane kwa lipi? Umefanya kazi ya watu wawili kwa miaka miwili."

"Nilidhani nakuheshimu."

"Uliniheshimu." Alitembea hatua kadhaa. "Lakini uliniheshimu kama watu wanavyomheshimu marehemu. Kila mtu anamsifu. Hakuna anayemwambia kitu."

"Ungenisikiliza ningekwambia?"

Mshono alifikiri, kwa haki kabisa, kwa sababu alikuwa mtu wa haki. "Ningekataa," alisema. "Ningekufanyia mzaha wiki nzima. Halafu siku moja ningeungua mkono au ningeharibu geti la mtu, nikaaibika, nikajileta mwenyewe hapa. Aibu ilikuwa yangu, Bi Mkubwa. Ilikuwa na kazi yake. Ukaninyang'anya."

Alikuwa hajawahi kumwambia jambo refu hivyo bila kulimalizia kwa kichekesho. Bi Mkubwa alingoja kichekesho mpaka wakafika nyumbani.

*

Mguu wa nyuma wa kulia ulichomelewa Jumanne mchana, mlango wa uani ukiwa wazi, wapita njia wakiona. Bi Mkubwa alikata, akasafisha, akashikiza kwa nukta tatu, kisha akavaa kinyago. Mshono alikaa pembeni ameshika taa. Hakusema anamwaga uji. Alisikiliza mlio wa cheche, na mara moja alisema, "Umekwenda haraka hapo," na alikuwa amesema kweli, Bi Mkubwa akarudi nyuma akajaza.

Jumamosi Daktari wa Meno alirudi, safari hii na binti yake, msichana mrefu kama yeye, daftari la kona kwapani. Cheni ilifungwa. Chai ilimiminwa. Daktari alifungua mlango wa dereva akamwangalia Mshono.

"Fundi, karibu. Kiti chako."

"Anayekaa ni aliyechomelea," alisema Mshono. "Ndiyo sheria ya hapa. Mimi nitavuta."

Bi Mkubwa aliingia. Hakuwahi kukaa ndani ya kitu chochote kilichoning'inizwa pale, maana siku zote yeye ndiye aliyekuwa anapika chai. Cheni ililia. Gari likapanda, viatu vyake vikahisi sakafu ikijitenga, miguu minne ikapokea uzito wote bila kunung'unika. Binti wa Daktari alishangilia. Bi Mkubwa alikunywa chai yake mpaka mwisho, haikumwagika hata tone, na haikuwa na ladha yoyote.

"Mkono wako haujazeeka, fundi!" Daktari alimwambia Mshono kwa mazoea ya wateja, kisha akajishika mdomo.

"Si wangu," alijibu Mshono kwa adabu, akishusha cheni pete kwa pete. "Mpe hongera mke wangu. Mimi nilikunja mabomba."

Gari likaondoka na paa lake. Kibao cha karakana, kilichokuwa na jina moja tu, Muuza Rangi alijitolea kukiandika upya bure. Mshono akamwambia aandike jina la mkewe. Bi Mkubwa akamwambia aache kama kilivyo. Walibishana kwa upole sana, kama wageni wanaogombea kupisha mlango, na kibao kikabaki vile vile.

Watu wa mtaani walisema Mshono amepata bahati ya mke. Yeye naye aliitikia. Hakununa, hakunyima salamu, chakula alikula na kushukuru. Asubuhi alimwuliza mkewe amelalaje. Ila hakumwuliza tena kitu alichotaka kujua kweli. Chumvi imetosha? Alionja mwenyewe. Mvua inakuja? Alinyoosha mkono dirishani. Na ile dawa yao ya kucheka iliisha humo ndani, wala hakuna duka walilolijua linaloiuza.

Siku chupa ya pili ya matone ilipotoka kwa mfamasia, Bi Mkubwa alimkuta amekaa kwenye benchi mbele ya duka la rangi, ameegemea ukuta kwenye jua la asubuhi. Alikaa karibu naye, akafungua kikasha.

"Hii ni mpya kidogo," alisema. "Wameandika tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Na usiguse jicho kwa ncha ya chupa."

Mshono alinyoosha mkono. Akampa. Akaizungusha chupa kwenye vidole vyake, kidole gumba kikapita juu ya karatasi laini isiyosema kitu.

"Jirani," aliita.

Muuza Rangi alitoka, mikono ina buluu.

"Hebu nisomee hapa. Imeandikwaje?"

Muuza Rangi alimwangalia Bi Mkubwa, kisha akaangalia chini, kisha akaisogeza chupa karibu na uso. "Tone moja kila jicho," alisoma. "Asubuhi na jioni. Usiguse jicho kwa ncha ya chupa."

"Ahsante, jirani."

Akaichukua chupa, akamrudishia mkewe. Kisha akavua kofia, akainua uso juu, akafumbua macho yote mawili wazi kabisa, akangoja.